Anachokiona Opereta: Namna ya Kupima na Kulinganisha Mitambo Midogo ya Kupakilia Kabla ya Kununua

Mnunuzi wa mtambo mdogo wa kupakilia huuliza kwanza bei, kisha nguvu za injini, kisha kilo ambazo mtambo unaweza kunyanyua. Ni wachache wanaouliza opereta ataona nini akishakaa kitini na kufunga mkanda, na hao wachache mara nyingi huridhika muuzaji anapowaambia kwamba kebini ina vioo vikubwa. Ukubwa wa kioo hauelezi mengi, kwa sababu kinachomzuia opereta kuona ni chuma kilichosimama nje ya kioo hicho: mikono ya kunyanyulia, nguzo za kebini, boneti ya injini, na ndoo yenyewe inapokuwa juu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupima chuma hicho kinaficha nini, kwa vifaa vinavyopatikana katika yadi yoyote, ili mitambo miwili au mitatu uliyooneshwa uilinganishe kwa vipimo vyako mwenyewe.

Mitambo ninayoikusudia ni ile ambayo mafundi wengi huiita bobkati, jina lililotokana na kampuni ya Bobcat ya Marekani ingawa leo hutumika kwa mashine za kampuni yoyote, iwe ya matairi au ya minyororo ya mpira. Pamoja nayo naweka vijiko vidogo vya matairi manne vinavyopinda kiunoni, yaani vyenye fremu ya mbele na ya nyuma zilizounganishwa katikati. Yote hii hununuliwa kwa ajili ya kazi za mahali pembamba, kama vile ndani ya ghala, katika yadi ya tofali, pembeni ya barabara inayokarabatiwa au kwenye kiwanja cha nyumba kilichobanwa na majirani. Mahali hapo ndipo saidia fundi anapopita na toroli hatua mbili kutoka kwenye tairi, na ndiyo sababu suala la kuona lina uzito mkubwa zaidi kwa mashine ndogo kuliko wengi wanavyodhani.

Chuma kinachosimama kati ya jicho na mtu

Bobkati ilitokana na banda la kuku. Kwa usahihi zaidi lilikuwa banda la bata mzinga, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako mwaka 1957 ndugu wawili, Cyril na Louis Keller, walimtengenezea mfugaji mmoja mashine ya magurudumu matatu iliyoweza kugeuka katika nafasi finyu. Kampuni ya Melroe ya North Dakota iliichukua kazi yao, na mwaka 1960 ikatoa modeli ya M-400 yenye magurudumu manne yote yakisukumwa na injini. Jina la Bobcat likafuata mwaka 1962. Umbo lililotokana na ufinyu ule tunaishi nalo mpaka leo: opereta ameketi katikati, injini iko mgongoni pake, na mikono ya kunyanyulia inapita kushoto na kulia kwake, karibu kiasi kwamba angeweza kuigusa kama pasingekuwa na wavu wa chuma. Kwa hiyo kila mtengenezaji, tangu wakati huo, amekuwa akitafuta namna ya kupunguza kile ambacho umbo hilo linaficha, na tofauti kati ya mashine moja na nyingine hutokana hasa na namna alivyolitatua.

Jambo la kwanza la kutazama ni njia ambayo mikono hupitia inapopanda. Kuna mikono inayopanda kwa upinde, ambayo imefungwa kwenye egemeo moja nyuma ya kebini na kuchora sehemu ya duara. Hii huwa na vyuma vichache nyuma, lakini ikiwa katikati ya safari yake hupita usawa wa macho ya opereta na kumkata pembeni. Kuna pia mikono inayopanda karibu wima, ambayo hutumia viungo viwili au zaidi ili ndoo isisogee mbali na mashine inapokwenda juu. Hii hupendwa na wanaopakia malori, lakini viungo vyake mara nyingi huongeza minara ya chuma nyuma ya mabega ya opereta, pale hasa anapogeuza shingo kutazama pembe ya nyuma. Usikubali kuambiwa kwamba aina moja ni bora daima. Nimeona mashine za upinde zenye mikono minene inayoficha kuliko za wima, na za wima ambazo mtengenezaji ameishusha minara yake mpaka chini ya usawa wa bega.

Kampuni ya JCB ya Uingereza ilichukua njia ya tatu, ya kuweka mkono mmoja tu, upande wa kulia, na mlango upande wa kushoto, hivyo opereta haingii kwa kuruka juu ya ndoo kama ilivyo kwenye bobkati nyingi. Upande wa kushoto wa mashine kama hiyo hufunguka kwa kiasi kinachomshangaza mtu aliyezoea mikono miwili. Lakini mkono mmoja unaobeba mzigo wote lazima uwe mnene, kwa hiyo anayepima mashine ya namna hii apime pande mbili kila mmoja peke yake, wala asichukue kipimo cha kushoto akakifanya ndicho kipimo cha mashine nzima.

Kwa vijiko vidogo vinavyopinda kiunoni, swali ni jingine. Mikono iko mbele ya opereta na pembeni pake pako wazi, lakini mara nyingi kebini imekaa juu ya fremu ya nyuma, na mashine inapopinda, ndoo huondoka upande mmoja ilhali uso wa opereta unabaki umeelekea mbele. Baadhi ya mashine ndogo sana, kama za Avant za Finland, humweka opereta kwenye fremu ya mbele ili ageuke pamoja na ndoo. Vilevile tazama kiungo kinachoinamisha ndoo: pale kinapokuwa kimoja kinene katikati, hukata njia ya macho kuelekea kwenye foki, yale meno ya chuma yanayoingizwa chini ya mzigo, na opereta wa paleti, yaani jukwaa la kupangia mzigo, hulazimika kukisia ncha zake ziko wapi.

Kabla ya kupima

Ulinganisho hauna maana kama mashine moja imepimwa ikiwa na ndoo tupu na nyingine ikiwa na foki na paleti, au moja imepimwa na mtu mrefu na nyingine na mfupi. Chagua opereta atakayeiendesha mashine kweli. Kama watakuwa wawili, mchague mfupi, kwa sababu yeye ndiye atakayefichwa mengi zaidi. Mwambie arekebishe kiti kama anavyokaa siku zote, afunge mkanda na kushusha baa ya usalama, kisha atazame mbele kwa kawaida. Jambo la mkanda ni la lazima. Opereta asiyefunga mkanda huinama, hunyanyuka na kuchungulia, na mashine yoyote huonekana nzuri kwa mtu anayeruhusiwa kusimama.

Akiwa ameketi hivyo, bandika kipande cha utepe kwenye nguzo ya kebini, kulia na kushoto, usawa wa macho yake. Sasa anaweza kushuka. Kiti chenye springi hupanda kikiwa kitupu, kwa hiyo kama utahitaji kupima bila yeye kuwapo, laza mfuko wa saruji wa kilo 50 na ndoo ya mchanga juu yake mpaka kirudi pale kilipokuwa. Jambo hili dogo likisahauliwa huharibu kipimo kwa sentimita kadhaa, na utaona punde kwamba sentimita chache za urefu wa jicho si jambo dogo hata kidogo.

Egesha mashine kwenye sakafu bapa, matairi yakiwa na upepo unaotakiwa. Injini izimwe, breki ya maegesho ifungwe, na ufunguo uwe mfukoni mwa anayepima. Utakapohitaji mikono iwe juu, mikono hiyo lazima izuiwe kwa kizuizi cha chuma kilichotengenezwa na kiwanda kwa kazi hiyo, na hata kikiwapo, asipite mtu yeyote chini yake. Kama mashine unayooneshwa haina kizuizi hicho, au kimepotea, usipime mikono ikiwa juu, na uandike upungufu huo kwenye karatasi yako kama sababu ya kupunguza bei au kuiacha.

Kipimo cha taa

Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lina kiwango namba 5006 kinachohusu upeo wa kuona wa opereta wa mitambo ya kuchimba na kusogeza udongo. Njia yake ni rahisi kuielewa: taa huwekwa mahali pa macho ya opereta, na vivuli ambavyo mashine inavitupa hupimwa kwenye duara la nusu kipenyo cha mita 12 kuizunguka mashine, na kwenye mstari wa mstatili ulio mita 1 kutoka kwenye kingo za mashine. Popote palipo na kivuli ndipo asipopaona opereta. Muuzaji wa mashine mpya anaweza kuombwa matokeo ya kipimo hicho, na unayo haki ya kuyaomba kwa maandishi. Kwa mashine iliyotumika, iliyoshushwa bandarini pamoja na vioo vilivyopasuka na vifaa vilivyobadilishwa na wamiliki wawili au watatu, karatasi ya kiwanda haitoshi tena, na inakupasa ufanye kipimo chako.

Tafuta balbu mbili za taa ndogo za gari, za volti 12, zisizo na kikombe cha kuakisi mwanga, kwa sababu kurunzi ya kawaida hutupa mwanga upande mmoja tu. Zifunge kwenye kipande cha ubao zikiwa umbali wa milimita 65, ambao ndio wastani wa nafasi kati ya macho mawili ya mtu mzima, na uziunganishe na betri ya pikipiki. Simamisha ubao huo kitini mpaka balbu ziwe usawa wa utepe uliobandika kwenye nguzo. Balbu ziwe mbili kwa sababu nguzo nyembamba humficha mtu kwa jicho moja lakini jicho la pili likampitia pembeni. Sehemu ambayo vivuli viwili vimelaliana, pakawa giza kamili, ndiyo sehemu isiyoonekana hasa.

Subiri giza liingie vizuri. Yadi ikiwa na taa za ulinzi zizimwe kwa nusu saa. Washa balbu, na kwanza usimame tu mbali kidogo uitazame sakafu, kwa maana huu ni wakati ambao mtu huielewa mashine kuliko siku zote alizoiendesha. Vivuli vya mikono hutoka mbele ya mashine vikipanuka kama mapezi, na nyuma yake hulala kivuli kimoja kipana cha boneti ambacho kwenye bobkati nyingi hupita mbali kuliko yeyote aliyesimama pale alivyotarajia. Mara ya kwanza nilipolifanya jambo hili pamoja na maopereta watatu, mmoja wao, mtu wa uzoefu mrefu, aliingia taratibu ndani ya kivuli cha nyuma, akachuchumaa, akaangalia juu kuelekea kitini na kukaa kimya kwa muda. Kisha akasema kwamba hapo ndipo vijana wake huweka toroli.

Chukua chokaa na ufuate kingo za kila kivuli, kwanza kwenye mstari wa mita 1, kisha kwenye duara la mita 12. Nafasi ikiwa haitoshi kwa duara zima, chora nusu ya nyuma na nusu ya mbele kwa zamu. Rudia mikono ikiwa katika hali tatu: ndoo ikiwa sentimita 20 hadi 30 juu ya ardhi, kama inavyobebwa mashine ikitembea, mikono ikiwa usawa wa macho, na mikono ikiwa juu kabisa, kama wakati wa kumwaga ndani ya tipa. Hali ya katikati ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo mbaya kuliko zote kwa upande wa pembeni kwenye bobkati ya mikono miwili. Piga picha kila mara ukiwa umesimama mahali palepale, kisha upime kwa futi kamba: kivuli kinaanzia wapi, kinaishia wapi, na upana wake ni kiasi gani.

Hesabu ya boneti

Asiyeweza kusubiri usiku anaweza kupata kipimo kimoja muhimu kwa hesabu. Chukua urefu wa jicho la opereta kutoka ardhini, urefu wa ukingo wa juu wa boneti ya nyuma, na umbali wa mlalo kutoka kwenye jicho hadi kwenye ukingo huo. Zidisha umbali huo kwa urefu wa jicho, kisha gawanya kwa tofauti kati ya urefu wa jicho na urefu wa boneti. Jibu ni umbali, kutoka kwenye jicho, ambako ardhi inaanza kuonekana.

Tuchukue mfano wa jicho lililo mita 1.65 kutoka ardhini, boneti yenye urefu wa mita 1.30, na umbali wa mita 1.5. Ukizidisha 1.5 kwa 1.65 unapata 2.475, na ukigawanya kwa 0.35 unapata mita 7 na ushei. Maana yake ni kwamba ardhi yote kuanzia kwenye mkia wa mashine hadi zaidi ya mita 5 nyuma yake haionekani. Sasa shusha boneti kwa sentimita 15 tu, iwe mita 1.15, na ardhi itaonekana kuanzia mita 4.95. Sentimita 15 za bati zimerudisha mita 2 za ardhi. Kisha irudishe boneti ya mita 1.30 lakini umweke kitini opereta mfupi ambaye jicho lake liko mita 1.55: ardhi haionekani mpaka mita 9.3. Ndiyo sababu nimesisitiza kupima kwa opereta mfupi, na ndiyo sababu kiti kinachorekebishika kwa urefu ni kifaa cha usalama kabla ya kuwa kifaa cha starehe.

Hesabu hiyohiyo hufanywa kwa mtu aliyechuchumaa. Badala ya kuzidisha kwa urefu mzima wa jicho, zidisha kwa tofauti kati ya urefu wa jicho na urefu wa mtu huyo. Mtu aliyechuchumaa, tuseme mwenye kimo cha mita 0.9, atafichwa kabisa na boneti ya mfano wetu wa kwanza mpaka awe zaidi ya mita 3.2 kutoka kwenye jicho, yaani kiasi cha mita 1.7 nyuma ya mashine. Mashine inayorudi nyuma kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa hupita zaidi ya mita 2 kwa sekunde moja. Atakayeifanya hesabu hii mara moja hatahitaji kuambiwa tena kwa nini boneti ndefu ni jambo la kuhoji kabla ya kulipa. Katika baadhi ya modeli mpya urefu huo umeongezeka kwa sababu vifaa vya kusafisha moshi vimehitaji nafasi juu ya injini, kwa hiyo usidhani kwamba mashine ya miaka ya karibuni lazima inaona nyuma vizuri kuliko ya zamani.

Kipimo cha mchana kwa fimbo

Fimbo ya mita 1.5, iliyofungwa kitambaa chekundu kwenye ncha na kingine kwenye alama ya mita 0.9, hutosha kwa kipimo cha mchana. Opereta akae kitini, mkanda ukiwa umefungwa na injini imezimwa, na mtu mwingine aizungushe fimbo polepole kwenye mstari wa mita 1 kuizunguka mashine. Opereta aseme kwa sauti: naona vyote viwili, naona cha juu tu, sioni kitu. Mtu wa tatu aandike. Alama hizo nimezichukua kwa sababu taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, ilipochora ramani za maeneo yasiyoonekana kuzunguka mitambo ya ujenzi, ilitumia usawa wa ardhi, milimita 900 na milimita 1,500, na vimo hivyo vinafaa pia kwa mtu aliyeinama na mtu mfupi aliyesimama katika saiti zetu.

Fimbo ina faida moja ambayo taa haina: inampima opereta mwenyewe, pamoja na shingo yake. Mtu mwenye maumivu ya shingo hageuki kutazama nyuma kama anavyogeuka kijana, na mashine inayoonekana nzuri kwenye chokaa inaweza kuwa mbaya kwake. Mwulize mwishoni ni sehemu gani alilazimika kujinyonga ili aione fimbo, na uandike jibu lake kwa maneno yake.

Mbele: ukingo wa ndoo na ncha za foki

Watu wengi hulinganisha mbele peke yake, kwa hiyo nitasema machache. Opereta akiwa ameegemea kiti, aone pembe zote mbili za ukingo wa ndoo iliyo chini bila kuinama. Aione pia kufuli inayoshikilia ndoo kwenye mikono, kwa sababu asiyeiona hushuka na kupanda kila anapobadilisha kifaa, au haangalii kabisa. Ndoo ikiwa juu kabisa, aione kupitia kioo cha paa, na kioo hicho kisiwe kimefunikwa kwa rangi au karatasi ya kuzuia jua, jambo ambalo nimelikuta kwenye mashine zilizotumika zaidi ya mara moja. Kwa foki, weka paleti tupu, mwambie aseme ncha ya kila foki iko wapi, kisha ukapime. Tofauti ya sentimita 5 inavumilika. Ya sentimita 20 hutoboa mifuko.

Ukifika hapo, pima tena paleti ikiwa na mzigo. Mzigo wa tofali uliopangwa vizuri hufunika mbele yote, na hakuna muundo wa mikono utakaouondoa. Kwa kazi hiyo mashine zote unazolinganisha zitakuwa sawa au karibu sawa, na kinachobaki ni kama opereta anaweza kurudi nyuma kwa usalama, kwa maana ndivyo atakavyolazimika kusafiri akiwa na mzigo huo.

Vioo, kamera, na jambo lisilofanywa kamwe

Fanya vipimo vyote kwanza kwa macho matupu. Baada ya hapo ndipo urudie kwa kutumia vioo vya pembeni, na mara ya tatu kwa kamera kama ipo, ukiandika kila matokeo mahali pake. Sababu ni kwamba kioo huvunjika wiki ya pili na kamera huzibwa na tope wiki ya kwanza, na siku hiyo mashine inabaki na kile ilichozaliwa nacho. Kamera nzuri ya nyuma ni msaada mkubwa, na mimi naipendelea kila inapowezekana, lakini tazama skrini yake imewekwa wapi. Skrini iliyo chini karibu na goti humwondoa opereta macho kwenye njia. Iliyo karibu na mahali ambapo macho yake hupita akigeuka hutumika kweli. Gusa pia lenzi kwa mkono ukiwa umesimama ardhini: kama huwezi kuifikia kwa kitambaa, hakuna atakayeisafisha.

Usisahau vumbi na mvua. Mlango wa plastiki ngumu huchubuliwa na vumbi la kokoto mpaka jua la asubuhi likiupiga unakuwa mweupe kama karatasi, ilhali kioo halisi hudumu zaidi. Washa waipa uone inafagia eneo gani, kwa sababu kioo kikubwa chenye waipa fupi huwa kioo kidogo msimu wa masika.

Sasa nalisema kwa uzito wote nilio nao: wavu wa chuma ulio pembeni mwa kebini ya bobkati usiondolewe ili opereta aone vizuri zaidi. Wavu huo ndio unaotenganisha kichwa, bega na mkono wa opereta na mikono ya mashine inayopanda na kushuka sentimita chache kutoka kwake. NIOSH ilitoa onyo mahususi kuhusu bobkati mwaka 1998, na miongoni mwa vifo ilivyovieleza ni vya watu waliobanwa kati ya mikono na fremu. Nimekutana na mashine zilizokatwa wavu kwa msumeno wa chuma, na kila mara maelezo yalikuwa yaleyale, kwamba opereta alilalamika haoni. Malalamiko yake yalikuwa ya kweli, na dawa yake ilikuwa kununua mashine nyingine tangu mwanzo. Mashine iliyokatwa wavu usiipime kabisa mpaka mwenye nayo aurudishe ule wa kiwanda, kwa sababu vinginevyo utakuwa unailinganisha mashine isiyo kamili na zilizo kamili, na itashinda kwa sababu ya upungufu wake.

Kusoma matokeo

Weka karatasi za mashine zote mezani na usijumlishe namba zote kuwa alama moja. Mashine inayoona mbele vizuri sana haifidii upofu wa nyuma. Anza kwa kujiuliza katika saiti yako watu wa miguu wanakaa upande gani na mashine inafanya nini wakati huo. Katika yadi ya tofali niliyoisimamia, bobkati ilitumia karibu nusu ya muda wake ikirudi nyuma, kwani kila safari ya paleti ilianza kwa kujiondoa kwenye safu. Tuliichagua mashine ile kwa sababu iliinua mzigo mkubwa kuliko mwenzake, na mwezi wa pili ilirudi juu ya toroli lililokuwa limeachwa mita 1 nyuma yake likiwa na mfuko wa saruji. Toroli lililala bapa kama sinia, saruji ikatawanyika mpaka kwenye matairi, na kijana aliyekuwa akilisukuma alikuwa amekwenda kunywa maji. Ndipo nilipoanza kupima nyuma kabla ya mengine yote.

Kwa kazi ya kupakia malori mchana kutwa, uzito uende kwenye hali ya mikono ikiwa juu na kwenye kioo cha paa. Kwa ukarabati wa barabara yenye magari upande mmoja, pembe za nyuma na pembeni ndizo zitakazoamua, na hapo minara ya mikono ya wima ipimwe kwa makini ya pekee. Ndani ya ghala, ambako opereta hugeuza mashine papohapo kwa kuzungusha matairi ya upande mmoja, kumbuka kwamba mkia wake hufagia duara, hivyo mstari wa mita 1 wa pembeni una maana kuliko duara la mita 12. Mashine mbili zikikaribiana sana, mwachie opereta achague. Atakuwa nazo saa nane kila siku, na yale aliyoyasema wakati wa kipimo cha fimbo yako mkononi mwako.

Mashine ikishanunuliwa, usiitupe ramani ya chokaa. Ichore upya kwenye karatasi ngumu, ukionesha sehemu zisizoonekana kwa rangi nyekundu, na uibandike mahali ambapo saidia fundi wote huisoma kabla ya kuanza kazi. Katika saiti zangu kila kibarua mpya hupandishwa kitini, injini ikiwa imezimwa, na mwenzake husimama ndani ya eneo jekundu ili amtafute asimwone. Kipimo kirudiwe kila kifaa cha mbele kinapobadilishwa kuwa kikubwa zaidi, kila opereta mpya mfupi anapoajiriwa, na kila mashine inaporudi kutoka kwa fundi ikiwa na kiti au boneti ambayo haikuwa nayo ilipoondoka.